UZI: Debian (mfumo endeshi wa Linux) kwenye laptop na kompyuta za mtumba Arusha/Moshi – waifai, sauti, printa, UPS (betri ya akiba). Leta namba ya chipu, sio jina la mashine

fundi_ngarenaro (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Swali la "nimeweka Debian, waifai haionekani" linarudi kila mara, na karibu kila anayeuliza anaacha kitu kimoja ambacho bila hicho hakuna wa kumsaidia: namba ya chipu. Jina lililoandikwa kwenye kava halitoshi. HP 250 mbili zilizopangwa meza moja dukani Sokoine Road zinaweza kuwa na kadi tofauti kabisa ndani, moja ya Intel inayoamka yenyewe na nyingine ya Broadcom inayotaka kazi. Kwa mtumba ndiyo kabisa, maana kadi inaweza kuwa ilishabadilishwa huko ilikotoka.

Kabla ya kuuliza, fungua terminali, bandika matokeo ya hizi hapa:

```
uname -r
lspci -nnk
lsusb
sudo rfkill list
sudo dmesg | grep -iE 'firmware|failed'
```

Namna ya kusoma lspci: mwisho wa mstari kuna mabano ya mraba yenye namba mbili, mfano [8086:095a]. Ya kwanza ni kiwanda: 8086 ni Intel, 14e4 Broadcom, 10ec Realtek, 168c Atheros. Ya pili ni chipu yenyewe, na hiyo ndiyo ya kutafuta mtandaoni. Chini yake angalia mstari wa "Kernel driver in use". Ukikosekana, hakuna draiva iliyokikamata kifaa. Ukiwepo na kifaa bado kimelala, draiva ipo; kinachokosekana ni fimwea, au kifaa kimefungwa mahali.

Tofautisheni draiva na fimwea, hapa ndipo watu wengi wanapotea. Draiva ni sehemu ya kerneli, kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa. Fimwea ni faili linalokaa /lib/firmware, na draiva hulisukuma ndani ya chipu kila mashine inapowaka. Ukiona hivi:

```
iwlwifi 0000:02:00.0: firmware: failed to load iwlwifi-7265D-29.ucode (-2)
```

hiyo -2 maana yake faili halipo. Kadi nzima, draiva nzima, faili tu. Dawa:

```
sudo apt install firmware-iwlwifi
```

halafu washa upya. Angalizo: iwlwifi huanza kuomba toleo la juu la fimwea na kushuka moja moja mpaka lipatikane. Kwa hiyo mistari kadhaa ya "failed" inayofuatwa na "loaded firmware version" ni hali ya kawaida, usihangaike nayo.

Na kama apt inasema pakeji haipo, fungua /etc/apt/sources.list. Kuanzia Debian 12 (Juni 2023) fimwea zisizo huru zimewekwa sehemu yake zenyewe. Mliopandisha kutoka Debian 11 kwa kubadilisha neno bullseye kuwa bookworm tu, hiyo sehemu hamna. Mstari uwe hivi:

```
deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free non-free-firmware
```

Karibuni, leteni mashine.

---

pasua_dev

Asante mkuu. HP 250 G3, Debian 12. Waifai haipo hata kwenye mipangilio.

```
6.1.0-28-amd64
08:00.0 Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365] (rev 01)
```

Mstari wa draiva haupo. Kuna mtu kaniambia niweke firmware-b43-installer, nimeweka, hakuna kilichobadilika.

---

fundi_ngarenaro

Mkuu, b43 haiijui kabisa 4365, ndiyo maana hakuna kilichobadilika. Iondoe. Hii inataka draiva ya Broadcom wenyewe, moduli inaitwa wl, kwenye Debian ni pakeji ya broadcom-sta-dkms. Haiji ikiwa tayari, inajengwa hapo hapo kwenye mashine yako, kwa hiyo inahitaji vichwa vya kerneli (headers) na kikusanyaji (compiler).

Intaneti ya muda: chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB kwenye simu. Andika `ip link`, utaona usb0 au jina refu linaloanza na enx. NetworkManager kawaida inaikamata yenyewe. Kazi hii haili bando kubwa, ila zima kwanza masasisho ya kujiendesha yasije yakanyonya MB zako pembeni.

Mpangilio ni muhimu, ufuate hivi hivi:

```
sudo apt purge firmware-b43-installer
sudo apt update
sudo apt full-upgrade
sudo reboot
```

Usiruke kuwasha upya. Wengi wanakwama hapa: apt inaleta vichwa vya kerneli mpya kabisa, lakini mashine bado inaendesha kerneli ya zamani. Moduli inajengwa kwa ajili ya kerneli ambayo haijawashwa, halafu mtu anasema draiva mbovu. Ukisharudi:

```
sudo apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms
sudo modprobe -r b44 b43 b43legacy ssb brcmsmac bcma
sudo modprobe wl
dkms status
```

Kwenye dkms status lazima uone broadcom-sta, namba ya kerneli inayolingana na `uname -r`, na neno installed. Weka linux-headers-amd64 kama ilivyo, usiweke ile ya linux-headers-$(uname -r) inayosambaa mitandaoni. Ile inaleta vichwa vya kerneli ya leo tu. Kerneli ikisasishwa mwezi ujao moduli haitajengwa na waifai itapotea tena.

Jambo la mwisho: BCM43142 ni ya 2.4 GHz peke yake. Kama ruta yako imetenganisha majina mawili, lile la 5 GHz hutaliona, na hakuna draiva ya kubadilisha hilo.

---

pasua_dev

dkms status inasema installed. Lakini:

```
modprobe: ERROR: could not insert 'wl': Key was rejected by service
```

---

neema_usariver

Hiyo ni Secure Boot kaka. Hakikisha kwa:

```
mokutil --sb-state
```

Ikisema enabled, kerneli inakataa moduli yoyote isiyosainiwa kwa ufunguo inaoutambua. Moduli yako imesainiwa kwa ufunguo ambao dkms imeutengeneza hapo kwako, lakini mashine haijaambiwa iuamini. Njia ni mbili. Ya haraka ni kuzima Secure Boot ndani ya BIOS, mipangilio ya mashine kabla ya Debian (HP bonyeza F10 inapowaka). Ya pili, ambayo naipendekeza kwa mashine za ofisi, ni kuusajili ufunguo:

```
sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub
```

Itaomba nenosiri la muda, weka lolote utakalokumbuka kwa dakika tano. Washa upya. Itatokea skrini ya bluu kabla ya Debian. Chagua Enroll MOK, Continue, Yes, andika lile nenosiri, reboot. Skrini hiyo inasubiri sekunde chache tu, ukiipita bila kubonyeza kitu inabidi uanze tena na import. Kingine: hapo kibodi inafuata mpangilio wa Kimarekani, kwa hiyo nenosiri liwe herufi na namba za kawaida bila alama.

---

pasua_dev

Imekubali. Mitandao yote inaonekana. Asanteni sana.

---

chalii_wa_sakina

Mimi ningemwambia abadilishe kadi tu. Msimbo wa wl uliotolewa na Broadcom mara ya mwisho ni 6.30.223.271 wa mwaka 2015, tangu hapo wanaoubeba ni watu wa Debian na wenzao kwa viraka. Kila kerneli mpya ni bahati nasibu. Intel ya mtumba haina gharama kubwa.

---

fundi_ngarenaro

Nakubaliana na wewe, ila kuna mitego mitatu ambayo mtu aijue kabla hajatoa hela.

Mtego wa kwanza ni BIOS. HP na ThinkPad za miaka ya nyuma zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa. Ukiweka nyingine, ThinkPad inasimama na ujumbe "1802: Unauthorized network card is plugged in", HP inasimama na "104-Unsupported wireless network device detected". Mashine haiendelei mpaka uitoe. Kwa mashine hizo tafuta kadi yenye namba ya vipuri ya HP au Lenovo wenyewe, sio Intel ya jumla.

Wa pili ni umbo. Laptop za zamani zinatumia mini PCIe nusu, za baadaye zinatumia M.2. Hata vichwa vya waya wa antena havilingani: mini PCIe vina U.FL, M.2 vina MHF4 ambavyo ni vidogo zaidi. Ukilazimisha unavunja kichwa, na kubadilisha waya wa antena ni kufungua skrini nzima.

Wa tatu ndio unaokula watu zaidi: AX200 na AX201. Zinafanana kwa macho, zote M.2, zote Intel. AX200 ni PCIe kamili, inakaa popote penye nafasi ya M.2 ya waifai. AX201 ni nusu ya kadi tu, nusu nyingine iko ndani ya chipseti ya Intel yenyewe, mfumo unaoitwa CNVi. Ukiichomeka kwenye laptop ya AMD, au ya Intel ya zamani, lspci haitaonyesha chochote, kama vile hakuna kitu. 9560 nayo ni hivyo hivyo. Muulize muuzaji asome lebo ya kadi yenyewe. Akisema "ni Intel AX" peke yake, usilipe.

---

kiboriloni_it

Shikamooni wakuu. Yangu ni laptop mpya kiasi, sio mtumba. Debian 12, kerneli 6.1.

```
Network controller [0280]: Realtek Semiconductor Co., Ltd. Device [10ec:b852]
```

Hata jina haionyeshi, inasema Device tu.

---

neema_usariver

Marahaba. b852 ni RTL8852BE. Draiva yake, rtw89, ilianza kuitambua chipu hii kwenye kerneli 6.2. Wewe una 6.1, yaani umeikosa kwa toleo moja. Hapo fimwea peke yake haisaidii chochote, kerneli yenyewe haijui hicho ni kitu gani. Hilo neno Device bila jina linaonyesha tu kwamba hata orodha ya majina ya lspci ni ya zamani kuliko chipu.

Kama ndiyo kwanza unaanza na hakuna data, pakua Debian 13 uanze upya. Ilitoka Agosti 2025 ikiwa na kerneli 6.12, kadi hii inawaka tangu kwenye usakinishaji. Kama tayari umeshajaza kazi zako humo, ongeza bookworm-backports (hazina ya pakeji mpya zaidi kwa Debian 12) kwenye sources.list, kisha:

```
sudo apt update
sudo apt install -t bookworm-backports linux-image-amd64 linux-headers-amd64 firmware-realtek
```

Leta vyote pamoja. Kerneli mpya na fimwea ya zamani ni chanzo cha tatizo jingine utakalorudi nalo hapa kesho.

Angalizo kwa wenye mashine kuukuu za biti 32: Debian 13 haina tena kisakinishi cha i386. Hizo zinaishia 12.

---

mbuyuni_net

Nimenunua adapta ya waifai ya USB, boksi limeandikwa 600Mbps, jina la kampuni hakuna. Debian 13. Nikichomeka inafunguka kama CD yenye programu za Windows. lsusb:

```
Bus 001 Device 005: ID 0bda:1a2b Realtek Semiconductor Corp. RTL8188GU 802.11n WLAN Adapter (Driver CDROM Mode)
```

Nimetafuta draiva ya RTL8188GU sijafanikiwa.

---

fundi_ngarenaro

Achana na jina hilo. 1a2b sio namba ya chipu ya waifai, ni namba ya ile CD ya bandia inayobeba programu za Windows. Chipu yoyote ya Realtek inaweza kujificha nyuma yake. Itoe CD kwanza:

```
sudo apt install usb-modeswitch
sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b
lsusb
```

Sasa namba itabadilika. Lete hiyo mpya.

---

mbuyuni_net

Imekuwa 0bda:c811, na waifai imetokea yenyewe kabla hata sijaweka kitu!

---

fundi_ngarenaro

c811 ni RTL8811CU/8821CU. Kerneli 6.12 unayo draiva yake, rtw88_8821cu, na fimwea ilishaingia na kisakinishi. Kwenye Debian 12 ingekugomea, USB za familia hiyo ziliingia 6.2. Ikitokea siku umewasha mashine na imerudi kuwa CD, chomoa uchomeke tena. Usb-modeswitch ikishakuwepo kwenye mfumo kawaida inaigeuza yenyewe.

Wanaotaka kununua adapta na hawataki presha: ile ndogo yenye Ralink RT5370, namba 148f:5370, inawaka kwa rt2800usb tangu kerneli za zamani sana. Ni 2.4 GHz tu, kasi ya kawaida, lakini haisumbui. Kwenye Debian 12 fimwea yake iko firmware-misc-nonfree. Mwombe muuzaji uichomeke kwenye laptop yako hapo hapo dukani na usome lsusb, maana maboksi yanafanana na ndani hubadilika.

---

njiro_admin

EliteBook kadhaa za ofisi. Waifai inakufa yenyewe kila mtu anapochomeka waya wa LAN, akichomoa inarudi. rfkill inaonyesha Hard blocked: yes. Draiva iko sawa, iwlwifi.

---

neema_usariver

Hard blocked maana yake imezimwa nje ya uwezo wa Debian: swichi ya pembeni, kitufe, au BIOS. Soft blocked ndiyo unayoweza kuifungua kwa `rfkill unblock wifi`. Kwa HP za biashara kuna kipengele ndani ya F10 kinaitwa LAN/WLAN Auto Switching, kazi yake ni hiyo hiyo unayoieleza. Ondoa tiki, hifadhi, basi.

Wenye Lenovo IdeaPad wanaoona Hard blocked na mashine haina swichi yoyote: mara nyingi ni moduli ya ideapad_laptop inayosoma vibaya. Jaribu `sudo modprobe -r ideapad_laptop` kisha rfkill list. Ikifunguka, andika `blacklist ideapad_laptop` ndani ya /etc/modprobe.d/ideapad.conf.

---

chalii_wa_sakina

Naongezea sauti, maana swali lake linakuja. Latitude na ThinkPad za kizazi cha 8 cha Intel kuendelea, ukiona "Dummy Output" peke yake kwenye mipangilio ya sauti, angalia dmesg kama ina maneno sof-audio-pci na sof-cnl.ri au jina linalofanana. Ikiwa ipo: `sudo apt install firmware-sof-signed`, washa upya. Kuna ushauri unaozunguka wa kuweka `options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1`. Spika zitarudi, lakini maikrofoni ya ndani ikiwa ya kidijitali itapotea, na mtu atagundua siku ya mkutano. Weka fimwea.

Printa kwa haraka: HP LaserJet 1020 na P1102 zinahitaji hplip pamoja na `hp-plugin`, ukipandisha Debian toleo jipya, rudia hp-plugin kwa sababu lazima ilingane na toleo la hplip. 1020 yenyewe haina kumbukumbu ya fimwea, inapakiwa kila inapowashwa, ndiyo maana inachapa jana na leo imenyamaza. Epson L3110: printer-driver-escpr inatosha.

---

shantytown_seva

Wakuu, UPS. Seva ndogo ya Debian 12, UPS ya bei ya chini yenye tundu la USB. Umeme ukikatika na betri ikaisha, seva inakufa ghafla badala ya kuzima vizuri. lsusb inaonyesha 0665:5161 Cypress. Kuna draiva?

---

fundi_ngarenaro

Ipo, na ni ya bure, inaitwa NUT. 0665:5161 imo kwenye UPS nyingi za majina tofauti, lugha ni moja.

```
sudo apt install nut
```

/etc/nut/nut.conf:

```
MODE=standalone
```

/etc/nut/ups.conf:

```
[ups]
  driver = nutdrv_qx
  port = auto
  vendorid = 0665
  productid = 5161
  default.battery.voltage.high = 13.00
  default.battery.voltage.low = 10.40
```

Hizo volti mbili ni za UPS yenye betri moja ya 12V. UPS hizi hazitumi asilimia ya betri, zinatuma volti tu, na NUT inakadiria asilimia kati ya namba hizo. Yenye betri mbili mfululizo (24V) zidisha mara mbili.

/etc/nut/upsd.users:

```
[mlinzi]
  password = wekasiriyako
  upsmon primary
```

/etc/nut/upsmon.conf, ongeza:

```
MONITOR ups@localhost 1 mlinzi wekasiriyako primary
```

Kisha:

```
sudo systemctl restart nut-server nut-monitor
sudo upsdrvctl start
upsc ups@localhost
```

---

shantytown_seva

upsdrvctl inasema `insufficient permissions`, Can't claim USB device.

---

fundi_ngarenaro

Kanuni za udev zimewekwa wakati UPS tayari imechomekwa, kwa hiyo hazijaigusa. Fanya:

```
sudo udevadm control --reload-rules
sudo udevadm trigger
```

Chomoa waya wa USB wa UPS (sio wa umeme), hesabu kumi, chomeka, rudia upsdrvctl start.

Ikishajibu, ijaribu mchana ukiwa umekaa mbele yake. Chomoa UPS ukutani, kwenye terminali uwe na:

```
watch -n 2 upsc ups@localhost ups.status
```

OL (umeme upo) itageuka OB (inatumia betri). Seva inajizima ikifika OB LB (betri iko chini). Kama LB inatokea sekunde chache tu baada ya kuchomoa, betri imechoka, badilisha; hakuna mpangilio wa kuiokoa. Kama LB haitokei kabisa na UPS inazimika ikiwa bado OB, ongeza `ignorelb` na `override.battery.charge.low = 40` kwenye ups.conf, hapo NUT itaamua kwa asilimia iliyokadiriwa badala ya kungoja UPS iseme yenyewe. Halafu ingia BIOS ya seva, sehemu ya umeme, weka iwake yenyewe umeme unaporudi. Bila hivyo itazima vizuri usiku na asubuhi utaikuta imelala.

---

shantytown_seva

OL, OB, LB baada ya dakika kama saba, imezima vizuri. Kuwaka yenyewe bado. Umeme ukirudi kabla betri haijaisha kabisa, seva inabaki imezima.

---

neema_usariver

Kwa sababu UPS haikukata umeme kwenye seva, BIOS haijaona umeme ukipotea, kwa hiyo haina sababu ya kuwasha. Hakikisha upsmon.conf ina `POWERDOWNFLAG /etc/killpower`. Faili hilo likiwepo, mwishoni mwa kuzima NUT inaiamuru UPS ikate umeme na iurudishe baadaye. Kwenye ups.conf ongeza `offdelay = 60` na `ondelay = 180`: sekunde 60 kabla ya kukata ili diski zimalize, sekunde 180 (dakika 3) kabla ya kurudisha. Zingatia vipimo, zote mbili ni sekunde kwa draiva hii. Jaribu tena kwa kuchomoa ukutani, urudishe umeme mara tu seva inapoanza kuzima. UPS nyingine za bei hiyo hazitii amri ya kukata. Ikiwa yako ni hivyo utaona seva imezima na taa za UPS hazijabadilika hata baada ya dakika tano. Hapo suluhisho ni kifaa kingine kidogo kinachowaka chenyewe umeme ukirudi, kitume wakeonlan (ishara ya kuiwasha) kwa seva kupitia LAN.

---

shantytown_seva

Imekata, imerudisha, seva imewaka. Asante dada, asante mkuu.